Upasuaji wa Goti: Je, Saa ya Kuingia Thieta Ina Maana?

Kamati za diakonia katika sharika zetu hukutana na swali ambalo halimo katika fomu yoyote ya maombi ya msaada. Mzee wa usharika amekubaliwa kufanyiwa upasuaji wa kubadilishwa goti. Michango imekusanywa, ndugu wamepangana zamu za kumuuguza, na hospitali imetaja siku. Kisha inakuja habari kwamba ataingia thieta saa nane mchana, siyo saa mbili asubuhi. Ndugu wanaanza kuulizana: mpaka saa nane si daktari atakuwa amechoka? Kwa nini tusiahirishe hadi siku ambayo mzee wetu atakuwa wa kwanza?

Swali hili si la kupuuzwa. Watafiti wa nchi mbalimbali wamelichunguza kwa miaka mingi, na majibu yao yanaweza kuzisaidia kamati zinazowapeleka wagonjwa hospitali pamoja na wafadhili wanaochangia gharama. Makala hii inaeleza utafiti umeonyesha nini, na kwa nini saa ya ukutani siyo jambo la kwanza la kuuliza.

Upasuaji wenyewe ni upi?

Goti la mtu mzima hufunikwa ndani na gegedu, utando laini unaozuia mfupa kusugua mfupa. Kwa sababu ya umri, uzito, ajali ya zamani au baridi yabisi, gegedu hilo huisha. Mgonjwa hupata maumivu makali, mguu hupinda, na mwishowe hushindwa kufika hata chooni bila kushikwa mkono. Dawa na mazoezi yasipotosha tena, daktari bingwa wa mifupa huondoa sehemu zilizosagika na kuweka viungo vya chuma, na katikati yake kipande cha plastiki ngumu. Kazi hiyo huchukua kati ya saa moja na mbili.

Matokeo yake kwa kawaida ni mazuri. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, kwa kutumia kumbukumbu za kitaifa za wagonjwa, ulionyesha kwamba magoti bandia kama 82 kati ya 100 hudumu miaka 25. Kwa upande mwingine, vijidudu vikiingia kwenye kiungo bandia ni vigumu sana kuviondoa. Hata katika nchi tajiri, mgonjwa mmoja au wawili kati ya 100 hupata tatizo hilo, na mara nyingi hulazimika kupasuliwa upya.

Hapa nyumbani upasuaji huu hufanyika katika hospitali chache, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, na gharama yake ni mamilioni ya shilingi. Kwa familia nyingi nafasi hiyo huja mara moja tu. Ndiyo maana ndugu huhesabu kila kitu, hata saa.

Jambo moja liwe wazi tangu mwanzo. Kubadilisha goti ni upasuaji wa kupanga, na ndiyo maana tunaweza kuzungumzia saa iliyo bora. Upasuaji wa dharura, kama wa mama aliyeshindwa kujifungua au wa utumbo uliojifunga, hauchagui saa. Mgonjwa wa dharura anapasuliwa sasa hivi, hata kama ni saa tisa usiku. Mtu yeyote asisome makala hii akapata sababu ya kumchelewesha mgonjwa wa namna hiyo.

Tafiti mbili zinazovutana

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa upasuaji zaidi ya 90,000 wa aina mbalimbali. Waliangalia matatizo yanayohusiana na dawa ya usingizi, wakayapanga kulingana na saa ambayo upasuaji ulianza. Kwa walioanza saa tatu asubuhi, uwezekano wa kupata tatizo ulikuwa kama mgonjwa 1 kati ya 100. Kwa walioanza saa kumi jioni, ulifika kama wagonjwa 4 kati ya 100.

Takwimu hizo zinashtua, lakini zisomwe kwa utulivu. Matatizo mengi yaliyoandikwa yalikuwa kama kichefuchefu, kutapika na maumivu baada ya kuzinduka. Makosa hasa yalikuwa machache sana. Aidha, saa tisa na saa kumi ni saa ambazo hospitali nyingi hubadilisha zamu, mtu mmoja akimkabidhi mwenzake mgonjwa ambaye tayari yuko mezani.

Mwaka 2017 ulitoka utafiti mwingine, kutoka mji wa Lille nchini Ufaransa. Madaktari wa huko waliwafuatilia wagonjwa 596 waliobadilishwa vali ya moyo, nusu yao asubuhi na nusu alasiri. Safari hii waliopasuliwa alasiri ndio waliofanya vizuri zaidi. Matatizo makubwa ya moyo katika siku 500 zilizofuata yalikuwa karibu nusu ya yale ya waliopasuliwa asubuhi. Watafiti walieleza kwamba misuli ya moyo ina saa yake ya ndani, na kwamba alasiri huvumilia vizuri zaidi kukosa damu kwa muda.

Je, nani mkweli? Wote wawili, kwa sababu walikuwa wanapima vitu tofauti. Katika chumba cha upasuaji kuna miili ya aina mbili. Upo mwili wa mgonjwa uliolala mezani, na ipo miili ya watu waliosimama kuizunguka meza. Kila mmoja una saa yake, na saa hizo hazilingani.

Saa iliyo ndani ya mwili

Mwaka huo huo wa 2017, Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, kwa kueleza jinsi saa hiyo ya ndani inavyofanya kazi. Mwili haukai katika hali moja kutwa nzima. Joto la mwili hushuka kabisa karibu na alfajiri. Shinikizo la damu hupanda mtu anapoamka. Hata vidonda vinajua saa: uchunguzi wa wagonjwa 118 walioungua moto nchini Uingereza, uliochapishwa pia mwaka 2017, ulikuta kwamba waliopata majeraha mchana walipona kwa wastani wa siku 17, na walioyapata usiku kwa siku 28.

Kwa upande wa watumishi, adui mkubwa ni uchovu. Utafiti wa Australia wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mtu mwenye kiasi cha pombe katika damu ambacho nchi nyingi hukikataza kwa dereva. Kwa hesabu zetu, ni mtu aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi na bado yuko kazini saa tano usiku.

Uchovu hauonekani katika kisu peke yake. Utafiti uliofanyika katika hospitali 35 za Marekani na kuchapishwa mwaka 2015 ulifuatilia kunawa mikono kwa watumishi zaidi ya 4,000. Tangu mwanzo hadi mwisho wa zamu ya saa 12, kiwango cha kunawa kilishuka kwa karibu pointi 9 za asilimia. Hawakuwa watu wabaya, na walijua umuhimu wa kunawa. Waliishiwa nguvu, na mtu akiishiwa nguvu huanza kuacha mambo madogo. Kwa mgonjwa wa goti bandia, mikono isiyonawiwa siyo jambo dogo.

Kwa goti, tofauti iko wapi?

Tafiti zilizowaangalia wagonjwa wa goti na nyonga peke yao hazikubaliani. Nyingine zimeona tofauti ndogo kati ya wa asubuhi na wa alasiri, nyingine hazikuona yoyote ya maana. Hii inaeleweka. Upasuaji wa goti ni mfupi, hufuata hatua zinazojulikana, na mara nyingi hufanywa kwa ganzi ya mgongoni. Daktari aliyelala usiku uliotangulia na kula mchana hafiki saa nane akiwa hoi.

Kwa hiyo jibu kwa ndugu wenye wasiwasi ni hili: saa nane mchana peke yake siyo sababu ya kuahirisha upasuaji. Kuahirisha kuna hasara zake. Vipimo vya damu hupitwa na wakati, nauli hulipwa mara mbili, na goti huendelea kupinda.

Kama siyo saa ya ukutani, basi ni nini? Zipo nyakati nne ambazo kweli zina uzito kwa mgonjwa wa goti.

Wakati wa kwanza: kati ya sindano na kisu

Kabla ya kupasuliwa, mgonjwa hupewa antibiotiki ya kuzuia vijidudu. Dawa hiyo ina kazi moja tu, kuwa imejaa katika damu pale ngozi inapofunguliwa. Mwaka 1992 watafiti wa Salt Lake City nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 2,847 wa upasuaji mbalimbali. Waliopewa dawa ndani ya saa mbili kabla ya kupasuliwa, walioambukizwa hawakufika hata 1 kati ya 100. Waliopewa mapema kuliko hapo, karibu 4 kati ya 100 waliambukizwa. Waliopewa baada ya upasuaji kuendelea kwa zaidi ya saa tatu walikuwa zaidi ya 3 kati ya 100.

Sasa tuone kinachoweza kutokea ratiba inapoteleza. Mgonjwa amepangiwa saa nne asubuhi, na muuguzi wa wodini anampa sindano saa tatu na nusu. Halafu analetwa mama mjamzito wa dharura, kama inavyostahili, na mgonjwa wa goti anaingia thieta saa nane. Dawa imeshapungua mwilini. Asipokuwepo mtu wa kuuliza ilitolewa saa ngapi, anapasuliwa bila kinga. Tatizo hapo limetokana na dawa na kisu kuachana. Lingeweza kutokea saa yoyote ya siku.

Wakati wa pili: saa za njaa

Wagonjwa wengi huambiwa wasile wala kunywa kitu tangu saa sita usiku. Kwa anayeingia saa mbili asubuhi haina shida kubwa. Kwa mzee wa miaka 70 anayeingia saa nane mchana, ni saa 14 bila hata tone la maji, na katika wodi yenye joto. Anafika mezani akiwa amekauka, shinikizo la damu likiyumba, na baadaye hutapika zaidi.

Miongozo ya kitaalamu ya kimataifa haidai hivyo. Kwa kawaida chakula husimamishwa saa sita kabla ya usingizi, na maji matupu huruhusiwa hadi saa mbili kabla. Mgonjwa wa alasiri anaweza kupata uji alfajiri na maji asubuhi, iwapo daktari wa usingizi ameridhia. Mgonjwa wa kisukari ni mtu wa pekee. Huyu hupangwa mwanzoni mwa orodha ili asikae na njaa muda mrefu, na familia ina haki ya kukumbusha jambo hilo kwa heshima. Asiwepo anayempa mgonjwa chakula kwa siri. Tumbo likiwa na chakula wakati wa usingizi, chakula huweza kuingia katika mapafu.

Wakati wa tatu: hatua ya kwanza

Hapa ndipo asubuhi ina faida ya wazi. Mgonjwa wa goti anatakiwa asimame mapema iwezekanavyo, ikiwezekana siku ile ile, kwa msaada wa mtaalamu wa fiziotherapia na fremu ya kutembelea. Kusimama mapema hupunguza hatari ya damu kuganda miguuni, huzuia goti kukakamaa na hufupisha siku za kulazwa. Nchini Denmark, ambako daktari Henrik Kehlet alianzisha utaratibu wa kuharakisha kupona baada ya upasuaji, wastani wa siku za kulazwa kwa wagonjwa wa goti na nyonga ulishuka kutoka siku 10 au 11 mwaka 2000 hadi siku 4 mwaka 2009. Ganzi bora, maumivu kudhibitiwa na kutembea mapema ndivyo vilivyoleta badiliko hilo.

Mgonjwa aliyetoka thieta saa nne asubuhi anaweza kusimamishwa saa tisa alasiri. Aliyetoka saa kumi jioni ganzi bado imemshika, na mtaalamu wa fiziotherapia ameshakwenda nyumbani. Atasimama kesho. Ikiwa ni Ijumaa, huenda atasimama Jumatatu, na siku hizo zote zinalipiwa kitanda. Tofauti ya asubuhi na jioni hapa imeletwa na ratiba ya mtumishi mmoja.

Wakati wa nne: usiku wa kwanza

Ganzi huisha baada ya saa kadhaa, na maumivu huja kwa nguvu. Kwa aliyepasuliwa asubuhi huisha mchana, wauguzi wakiwa wengi na daktari akiwa karibu. Kwa aliyepasuliwa jioni huisha usiku wa manane, pengine muuguzi mmoja akihudumia wodi nzima. Dawa ya maumivu inafaa iandikwe na kupangiwa saa kabla mgonjwa hajatoka thieta, asisubiri mpaka apige kelele.

Somo kutoka Ifakara

Je, hospitali yenye uwezo mdogo inaweza kuzilinda nyakati hizi? Jibu mojawapo lipo hapa hapa Tanzania. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji. Ni karatasi moja yenye vipengele 19, inayosomwa kwa sauti kabla ya usingizi, kabla ya kisu na kabla ya mgonjwa kutoka. Kipengele kimoja kinauliza kama antibiotiki imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita.

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani. Pamoja na Toronto, London, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi na Manila, ilikuwepo hospitali ya Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Katika hospitali hizo kwa ujumla, vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kati ya wagonjwa 100, na matatizo makubwa kutoka 11 hadi 7 kati ya 100. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa kwa ajili hiyo. Kinachofanywa ni watu kusimama dakika moja na kuulizana. Karatasi haichoki saa kumi jioni, na inamkumbusha mtu aliyechoka jambo ambalo angelisahau.

Kamati na wafadhili wafanye nini?

Kamati ya usharika haina kazi ya kumpangia daktari saa. Orodha ya thieta ina sababu zake: mwenye kisukari hutangulia, mwenye kidonda chenye usaha huwekwa mwisho ili asichafue chumba, na dharura huingia wakati wowote. Hata hivyo, kamati inaweza kumpa ndugu anayemsindikiza mgonjwa maswali haya, ayaulize kwa adabu siku ya kulazwa:

1. Mgonjwa wetu anaruhusiwa kula na kunywa hadi saa ngapi? Ratiba ikisogea, nani atatuambia?

2. Antibiotiki itatolewa wapi, wodini au thieta? Akichelewa kuingia, itatolewa tena?

3. Nani atamsimamisha mara ya kwanza, na lini? Kama mtaalamu hayupo, ndugu anaweza kufundishwa namna ya kumsaidia salama?

4. Dawa ya maumivu ya usiku imeandikwa?

5. Hospitali inatumia orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji?

Ikiwa siku inaweza kuchaguliwa, siku za mwanzo wa wiki ni bora kwa hospitali isiyo na mazoezi ya viungo mwishoni mwa wiki.

Kwa wafadhili tunayo rai moja. Ni rahisi kuchangia goti lenyewe, kwa kuwa lina bei na linaonekana katika picha. Lakini goti zuri lililowekwa kwa mgonjwa ambaye hakusimamishwa kwa siku tatu limepoteza sehemu ya thamani yake. Mara nyingi mgonjwa wa pili husukumwa hadi jioni kwa sababu hospitali ina seti moja tu ya vifaa vya upasuaji wa goti, ambayo lazima ioshwe na kutakaswa upya kwanza. Seti ya pili ingemrudisha mgonjwa huyo mchana. Posho ya mtaalamu wa fiziotherapia kwa jioni na Jumamosi ingepunguza siku za kulazwa. Jenereta inayowaka na maji yasiyokatika huwaondolea wafanyakazi saa za kusubiri, na saa za kusubiri ndizo zinazowachosha.

Kamati inapopanga bajeti ya mgonjwa mmoja, basi, iandike pia mstari wa mazoezi ya baada ya upasuaji na nauli ya kurudi kliniki. Na ndugu wakiuliza kuhusu saa nane mchana, waambiwe kwamba saa hiyo si mbaya, mradi dawa itolewe kwa wakati, mgonjwa asishindishwe njaa, asimamishwe mapema, na usiku asiachwe peke yake na maumivu.